Maji Yaliyopanda Kioo

Mume wangu alikuwa akinisimulia mambo ya chini ya ziwa kila jioni, na nusu yake sikuiamini. Alikuwa mzamiaji. Kazi yake ilikuwa kuwakamata samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe, wakiwa hai, kwa ajili ya Mzungu mmoja aliyekuwa na kiwanja chake kusini kidogo ya mji. Mzungu huyo aliwatia samaki katika mifuko ya nailoni yenye maji na hewa, akawapeleka Ulaya kwa ndege, huko wakawekwe ndani ya vioo majumbani mwa watu. Pale Kalemie, mji wetu wa kando ya ziwa, tuliona ni kichekesho. Samaki usiyemla! Mama mkwe wangu, aliyeuza samaki wa ndakala na mikebuka sokoni tangu ujana wake, alikuwa akisema, "Muntu wa kufuga samaki, atalala na njaa mbele ya chakula."

Lakini mume wangu alirudi nyumbani macho mekundu kwa maji, akaketi kizingitini, akaanza. Kuna samaki wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, kila mmoja na nyumba yake. Kuna wanaoogelea tumbo juu, chini ya dari la mwamba, kama mjusi anavyotembea darini. Kuna mama anayebeba watoto wake kinywani.

"Kinywani?" nilimwuliza.

"Mu kinywa kabisa. Wakiona hatari, wanaingia wote."

Nilicheka, nikaendelea kushona. Mimi nilikulia Bendera, mbali na ziwa, ambako baba yangu alifanya kazi kwenye mtambo wa umeme. Alisafisha wavu wa chuma pale maji ya mto yanapoingia kwenye mabomba, akitoa majani na vijiti visiende kuumiza mashini. Maji niliyoyajua mimi ni ya mto, yanayokimbia kwa kelele na hayafichi kitu. Ziwa lile lililokaa kimya, jeusi huko katikati, nililiogopa, na hadithi zake nilizipokea kama hadithi za safari za watu wa mbali.

Siku moja, msimu wa jua kali, wenzake walimrudisha nyumbani wakimshika mikono. Alikuwa amemfuata samaki kwenye ufa wa mwamba, chini kuliko kawaida, akasikia kitu kinapasuka sikioni, na tangu hapo hakujua tena juu ni wapi na chini ni wapi. Rafiki yake, waliyezoea kuzama pamoja, ndiye aliyemshika akampandisha. Damu ilikuwa imekauka shingoni. Daktari wa hospitali alimwambia wazi: sikio la kushoto limekwisha, na akizama tena atapoteza la pili, au hatapanda tena.

Kwa wiki nyingi alitembea akishika ukuta. Kizunguzungu kilipungua polepole, lakini kuna kitu kingine ambacho hakikupungua. Nyumba yetu ilikuwa mteremkoni, mlango unatazama ziwa. Yeye alihamisha kiti chake akakiweka nyuma, upande wa jikoni, akawa anatazama mihogo ya jirani na kilima. Hakunisimulia tena kitu. Nikimwuliza jambo, alinijibu neno moja. Ule ukimya ulinitisha kuliko damu.

Mimi nilikuwa fundi wa kushona. Miaka ile kila karani wa Zaire alitaka abakosi, ile suti isiyovaliwa tai, na kola isiposimama vizuri alikurudishia. Mashini yangu niliiweka kwenye baraza la duka moja la zamani la Mgiriki. Mgiriki alikuwa ameondoka, duka likapewa mtu mwingine, na huyo mwingine aliuza vyote vilivyokuwa ndani bila kuagiza vingine. Zikabaki rafu tupu na vitrini moja, lile kabati refu la vioo ambamo zamani zilipangwa saa na chupa za marashi. Pembe zake zilikuwa za chuma, vioo vyake vinene. Nilikuwa naliona kila siku bila kuwaza lolote. Kisha asubuhi moja jua liliingia dukani likapita ndani ya vile vioo mpaka sakafuni, nami nikaacha mguu wangu juu ya kanyagio la mashini bila kukanyaga. Niliwaza: hivi ndivyo wanavyowaweka huko Ulaya.

"Papa, hii vitrini inakufanyia kazi gani?" nilimwuliza mwenye duka.

"Inakamata vumbi. Unaitaka? Unishonee abakosi ya sikukuu, uichukue."

Nilimshonea, na kola ile ilisimama kama askari.

Fundi wa kuchomelea aliongeza vyuma viwili kuzunguka vioo ili visije vikafunguka kwa uzito wa maji. Tuliondoa kioo cha juu, na ndani ya kila pembe tukakandika masitiki, ule udongo wa mafuta wa kushikiza vioo vya madirisha. Nilipoileta nyumbani juu ya mkokoteni, mume wangu aliitazama kutoka kwenye kiti chake.

"Utauza mikate?"

"Hapana. Nataka kuona yale uliyokuwa unaniambia."

Aligeuka akatazama mihogo.

Rafiki yake mzamiaji ndiye aliyenisaidia. Alileta mchanga, alileta mawe yenye ule ukijani wa ziwani, na alileta samaki ambao Mzungu aliwakataa kwa sababu mapezi yao yalikuwa yamechanika. Walikuwa weusi, wenye mshipi wa njano ubavuni, wakubwa kama kiganja cha mtoto. Tuliwamimina ndani wakajificha. Rafiki yule akaenda zake, mimi nikapiga magoti mbele ya kioo, mtoto wetu wa kwanza mgongoni, nikangoja.

Lazima nieleze kitu hapa. Nilikuwa nimepasua samaki wengi sana katika maisha yangu ya ndoa. Samaki niliyemjua mimi alikuwa kitu cha kulala ubavu, juu ya majani ya ndizi au ndani ya beseni, jicho jeupe, mdomo wazi. Sasa mmoja alitoka nyuma ya jiwe, akasimama. Alisimama ndani ya maji, hakuna kilichomshika juu, hakuna kilichomshika chini. Mapezi yake ya pembeni yalipepea kama nguo nyepesi dirishani. Akageuza jicho, nalo lilikuwa na duara la dhahabu, akanitazama. Nilijikuta nasema, "Karibu," kama mtu aliyepokea mgeni mlangoni.

Alasiri mambo yaliharibika. Samaki wote walipanda juu wakaanza kufungua vinywa kwenye uso wa maji. Nilimwita mume wangu kwa sauti ambayo nadhani jirani alifikiri mtoto ameungua. Alikuja akishika ukuta, akatazama.

"Maji yamelala," alisema. "Hawa ni wa mawe, wamezoea mawimbi. Wanakosa pumzi."

Alichukua jagi, akachota maji mle mle ndani, akayainua juu na kuyamimina yaanguke kwa kishindo, akachota tena, akamimina tena. Aliendelea mpaka akachoka, nami nikampokea jagi. Samaki walishuka. Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kuniambia tangu siku ile ya damu.

"Maji lazima yatembee," alisema, akarudi kwenye kiti.

Basi nikayatembeza. Tulitengeneza jukwaa la miti kando ya ukuta, tukaweka pipa juu, na chini ya pipa robine ndogo ya kufungulia maji. Maji ya ziwa tuliyabeba kwa ndoo asubuhi na jioni. Kutoka kwenye robine ulianguka uzi mwembamba wa maji ndani ya vitrini, ukipiga uso na kuingiza hewa. Samaki walifurahi, walikuwa wakienda kusimama chini ya ule uzi kama watoto chini ya mvua. Lakini maji yakiingia lazima yatoke. Vitrini ilijaa, ikafurika, mkeka wa mtoto ukalowa, na sakafu yetu ya udongo ikawa matope.

Wazo la kwanza lilikuwa kutoboa tundu. Kwa bahati nilijaribu kwanza kwenye kile kioo cha juu tulichokiondoa, kwa msumari, mchanga na mafuta ya taa. Kilipasuka kama nyota, mpaka pembeni. Basi tundu likakataliwa. Kama maji hayawezi kupita katikati ya kioo, nikasema, yatapita juu yake.

Kila mtu alijua kunyonya mafuta ya gari kwa mpira. Nikatafuta mpira wa kuona ndani, mnene kama penseli, upande mmoja ndani ya vitrini, mwingine ndani ya beseni chini. Nikanyonya, maji yakapanda, yakavuka ukingo wa chuma, yakashuka. Nilijisifu, nikaenda kumpelekea mteja suruali. Niliporudi, mpira ulikuwa umekunywa vitrini yote. Samaki walikuwa wamelala ubavu juu ya mchanga wenye unyevu, wanajipigapiga. Tuliwaokota kwa mikono, tukawatia kwenye ndoo, wakapona wote isipokuwa mmoja.

Shida ilikuwa kuufundisha mpira mahali pa kuacha. Nikatundika kikopo ndani ya vitrini, mdomo wake ukiwa sawasawa na pale nilipotaka maji yafike, nikatia mguu wa mpira ndani ya kikopo hicho. Maji yakizidi yaangukie kikoponi, na mpira unywe ya kikoponi tu. Nilifikiri nimeshinda. Mpira ulimaliza maji ya kikopo kwa haraka kuliko yalivyoingia, ukavuta hewa, ukakoroma, ukafa. Maji yakafurika. Nikanyonya tena, ukatembea kidogo, ukakoroma, ukafa. Siku nzima niliuguza ule mpira kama mgonjwa wa homa, mdomo wangu ukiwa na ladha ya ziwa, na nguo za watu zikiningoja kwenye mashini.

Mume wangu alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikujua tangu lini.

"Mama," alisema, "angalia mguu wake."

"Mguu wa nani?"

"Wa mupira. Mguu mumoja uko mu kikopo, mwingine unaning'inia chini kabisa, inje. Njo maana unakunywa mpaka unamaliza. Tuupandishe. Tuutilie na wenyewe kikopo chake, vikopo viwili viwe sawa kama mabega."

"Halafu maji yatatokea wapi?"

"Tunatoboa kikopo cha inje, juu, karibu na mudomo. Kikijaa mpaka kwenye tundu, yanatoka. Kisipojaa, yanabaki. Na kile cha ndani hakiwezi kushuka chini ya lile tundu. Miguu yote miwili itabaki mu maji, hakutaingia hewa."

Sikuelewa kwa masikio. Akaniketisha mezani, akachukua vikombe viwili vya chai, akakata kipande cha mpira, akakijaza maji, akaziba ncha zake kwa vidole na kukipindisha kutoka kikombe hiki mpaka kile. Kisha akamimina maji katika kikombe kimoja. Maji ya kikombe cha pili, ambacho hakuna aliyekigusa, yalipanda. Akachota katika cha pili, cha kwanza kikashuka. Alimimina tena na tena, na kila mara vile vikombe viwili vilitafutana mpaka vikawa sawa, kisha vikatulia. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima kutazama vikombe vya chai. Nilikuwa nimekunywa humo kila siku ya Mungu.

Kuanzia hapo kazi ikawa yetu wawili. Mimi nilikata ramani kwenye katoni kama ninavyokata nguo: urefu, upana, mkunjo wa kupita juu ya chuma. Vikopo tulivitoa kwenye bidoni, madumu madogo ya plastiki ya mafuta ya mawese, tukizisugua kwa majivu na maji ya moto mpaka maji hayakuonyesha tena ile rangi nyekundu. Mafuta kidogo tu juu ya maji yangewanyima samaki pumzi, alisema mume wangu, na akanifanya nisugue tena.

Mdomo wa kikopo cha ndani niliukata meno. Nilikuwa nawaza ule wavu wa Bendera, vile baba yangu alivyosimama juu yake na reki yake ndefu. Kikopo laini kingemeza majani na samaki pamoja na maji, lakini chenye meno kingeacha maji peke yake yapite. Nikakata meno yale kwa mkasi wangu mzuri wa kitambaa, na sikuujutia. Mume wangu alichukua spoki za baiskeli akazikunja kuwa kulabu za kutundikia vikopo, na kwa kuwa spoki ina skrubu mwishoni, aliweza kukipandisha kikopo au kukishusha kidogo kidogo kwa kuzungusha tu. Kikopo cha nje akakitoboa kwa msumari wa moto, akapitisha kipande cha mpira, akakibana kwa pete ya mpira wa ndani wa baiskeli. Tundu lile aliliweka chini ya meno ya kikopo cha ndani kwa upana wa kidole, ili maji yawe na mteremko wa kuyavuta.

Tulitundika. Akaujaza mpira, akaupindisha juu ya ukingo. Akafungua robine.

Maji ya vitrini yalipanda mpaka kwenye meno. Yakaanza kuingia kikoponi katikati ya kila jino, nyuzi nyingi ndogo zinazong'aa. Na kikopo hakikujaa. Maji yalikuwa yanapanda kwenye mpira, yanavuka chuma, yanashuka kwenye kikopo cha nje, yanatoka kwenye tundu, yanaanguka ndani ya beseni. Tulikaa tukitazama beseni likijaa.

"Funga robine," alisema.

Nikafunga. Hiki ndicho nilichokiogopa. Maji yalishuka kidogo, yakafika kwenye mizizi ya meno, yakadondoka, yakaacha. Beseni likanyamaza. Mpira ulikuwa umekaa juu ya ukingo umejaa maji, umetulia, hauna hata punje ya hewa, ukafanana na mpira mtupu. Tukasubiri. Mume wangu hakuniangalia.

"Fungua."

Nikafungua. Uzi wa maji ukaanguka, vitrini ikapanda, meno yakaanza kulia, na beseni likaitika. Hakuna aliyenyonya. Hakuna aliyegusa. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye robine, na maji yalikuwa yanapanda ukuta yenyewe, kama mtu aliyelala akaamka na kuendelea na safari yake. Nilikuwa nimeona umeme unatoka Bendera ukipita juu ya waya mpaka mjini, na sikuwahi kushangaa vile. Mume wangu aliinama akaweka sikio lake la kulia, lile lililobaki, juu ya mpira. Akafumba macho.

"Anatembea," alisema. "Mama, njoo usikie. Anatembea."

Niliweka sikio langu. Ilikuwa kweli.

Sitaki kusema kwamba kila kitu kilinyooka tangu siku hiyo. Vipovu vidogo vya hewa vilikusanyika juu kwenye mpindo wa mpira, na visipotolewa vinaungana na kuukata mwendo. Tulijifunza kufungua robine kwa nguvu kidogo kila asubuhi, maji yasukume kile kipovu mpaka upande wa pili. Konokono alipanda akakaa kati ya meno, na siku ya usafi wa salongo, ile kazi ya lazima ya serikali, wakati sote tuko barabarani na majembe, vitrini ilifurika tena. Masitiki ilivuja hapa na pale. Lakini maji ya beseni tuliyarudisha kwenye pipa, mengine nikamwagilia mboga zangu za lengalenga, na nyumba ikazoea ile sauti. Kiti cha mume wangu kilitoka jikoni kikaja mbele ya kioo. Akaanza tena kunisimulia, ila sasa alikuwa akionyesha kwa kidole. "Unaona yule? Anafukuza. Jiwe lile ni lake. Subiri, mwingine atajaribu kupita." Na mwingine alijaribu kupita, na alifukuzwa.

Baada ya Misa ya Jumapili watu walianza kuja. Wavuvi ndio walioshangaa kuliko wote. Walisimama mikono nyuma, watu waliovuta nyavu miaka yote, wakinong'ona kana kwamba samaki watasikia. Mmoja aliniambia kwamba alikuwa hajui kama samaki anapumzika.

Mama mkwe wangu alikawia kuja. Alipokuja, alikaa mbali na kioo, akachambua mchele. Wakati ule samaki mmoja jike alikuwa na kidevu kilichovimba, na hakugusa chakula. Nilidhani ni mgonjwa.

"Amebeba," alisema mume wangu.

"Amebeba nini?" mama yake akauliza.

"Watoto, Mama. Wako mu kinywa."

"Sikia huyu! Mimi nimepasua samaki kabla baba yako hajanioa. Mayai yako mu tumbo."

Mume wangu hakubishana naye. Alisogeza tu kiti cha mama yake mbele. Mama alirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, kila mara akisema amepita tu. Na alikuwapo siku ile, ameketi na mtoto wetu magotini, ungo wa mchele miguuni, jike yule alipotoka nyuma ya jiwe, akasimama karibu kabisa na kioo, akafungua kinywa.

Walitoka mmoja mmoja. Kila mmoja alikuwa samaki kamili, mdogo kama punje ya mchele, na macho yake meusi. Walibaki mbele ya uso wa mama yao kama wingu dogo. Kisha mtoto wetu akapiga kioo kwa kiganja, pa! Jike akafungua kinywa, na wale wadogo, wote kwa pamoja, wakakimbilia ndani. Kinywa kikafungwa.

Mama mkwe wangu alisimama. Mchele ulimwagika. Alifanya ishara ya msalaba polepole sana, kama mtu anayejifunza kuifanya.

"Mungu wangu," alisema. "Hata huyu ni mama."

Mmoja alikuwa amebaki nje. Alichelewa, au hakuuona mlango. Mwendo wa maji ulimchukua juu, kuelekea kwenye kikopo, na kabla sijainua mkono akapita katikati ya meno niliyoyakata mimi. Tukamwona akizunguka ndani ya kikopo. Tukamwona akiingia mguuni mwa mpira.

"Ameisha," nilisema.

Alipanda. Ndani ya ule mpira wa kuona ndani alipanda, kichwa juu, akipiga mkia, mpaka akatoka juu ya maji ya mama yake, juu ya kioo, akafika kwenye mpindo, juu kabisa ya ukingo wa chuma. Dirisha lilikuwa nyuma yake. Jua lilipita ndani ya mwili wake, nikaona uti wa mgongo mwembamba kuliko uzi wa kushonea, nikaona na kitu chekundu kikipigapiga nyuma ya kichwa. Samaki wa ziwani alikuwa angani, ndani ya nyumba yangu, na bado alikuwa ndani ya maji. Sijawahi tena kuona kitu kama hicho. Alikaa pale kwa pumzi moja hivi, kisha akavuka, akashuka haraka, na akajitokeza kwenye kikopo cha nje, mzima, akizunguka kutafuta.

Mama mkwe wangu ndiye aliyemwendea. Mikono ile iliyokuwa na makovu ya miiba na chumvi ilimchota kwa kijiko cha chai bila kumgusa, ikambeba juu ya ukingo, ikamrudisha. Jike alikuja. Alimtazama mdogo yule, au nadhani alimtazama, akafungua kinywa, na mdogo akaingia. Mama mkwe alibaki na kijiko hewani. Alikuwa akilia, na alikuwa akicheka kwa kulia kwake.

Siku hiyo hiyo nilishonea meno yale kipande cha kitambaa cha wavu, kilichobaki kwenye shela la bibi harusi, na hakuna mdogo mwingine aliyepita.

Habari zilifika kwa Mzungu. Alikuja mwenyewe akainama kwenye vikopo vyetu, akatazama vikopo kuliko samaki. Akafunga robine, akafungua, akafunga tena, uso wake ukawa kama wa mtoto. Akamwuliza mume wangu kama angependa kurudi kazini, si kuzama, bali kuwatunza samaki nchi kavu wanapongoja safari. Mume wangu alinitazama kwanza. Nilikuwa nimekwisha kuvaa tabasamu. Akaenda, na katika vioo vyote vya kiwanja kile akatundika vikopo, kila kimoja kikiwa kimekatwa kwa ramani yangu ya katoni. Alifanya kazi hiyo kwa miaka, na alikuwa akirudi amelowa mikono mpaka viwiko, mdomo umejaa maneno.

Nchi ilipoanza kuharibika, Mzungu aliondoka. Na masitiki ya vitrini yetu, baada ya kukandikwa upya mara nyingi, ilikauka ikakatika, na nyingine haikupatikana tena mjini. Samaki walikuwa wamezaana, wajukuu wa wale wa kwanza. Mume wangu na rafiki yake waliwatia kwenye ndoo zenye vifuniko, wakaenda kwa mtumbwi mpaka kwenye mawe yale yale, na kuwamimina polepole. Aliporudi nilimwuliza kama walipatambua mahali, maana hawakuwahi kuliona ziwa.

"Hawakuuliza njia," alisema, akanawa mikono, akaketi kula.